Kutoka Machela hadi Mark X: Gari la Kutembelea Masasi na Newala

Gari dogo la kifahari lenye mwendo, kama Mark II, Chaser, Altezza, Crown na Mark X, ni mgeni wa juzi Masasi na Newala. Lilibuniwa Japani kwa ajili ya meneja anayetoka nyumbani kwa lami na kurudi kwa lami: bodi iko chini, injini mara nyingi ni ya silinda sita, nguvu inasukuma magurudumu ya nyuma, na viti ni vya mtu asiyetaka kuchoka. Lilikuja kusini-mashariki mwa Tanzania likiwa limekwisha kutumika miaka 8, 10 au zaidi, likakuta nchi iliyolikataa gurudumu kwa muda mrefu. Ili lifike na kukaa, mambo matatu yalipaswa kukutana: ruhusa ya kuagiza gari, barabara inayopitika mwaka mzima, na fedha ya korosho inayoingia mkononi kwa mkupuo. Mawili ya kwanza yalichelewa sana. La tatu lilikuwapo, likapotea, likarudi. Na hilo ndilo linaloamua hadi leo nani Newala ananunua gari, mwezi gani, na analiuza lini.

Miji hii miwili hutajwa pamoja lakini haikai pamoja. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, mahali panapojulikana kwa jina la Shimo la Mungu. Kati ya mji mmoja na mwingine kuna kilometa 70 hivi na mpando mkali. Juu ya uwanda hakuna mto. Mchanga wake mwekundu hunywa mvua yote, ndiyo maana vizazi vya wanawake vilishuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na vyombo kichwani, hadi mradi wa maji ya bomba ulipoanza miaka ya 1950. Mchanga huohuo, unaoufaa mkorosho kuliko karibu zao lolote jingine, ndio adui wa kwanza wa tairi.

Kabla ya gari kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyeanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876, alitembea na watu wake kutoka Lindi. Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipozuru Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 alifuatwa na msururu wa wapagazi. Mbung'o waliwaua ng'ombe, kwa hiyo mkokoteni wa kukokotwa haukuwa na wa kuukokota. Mkubwa aliyechoka kutembea alibebwa kwa machela. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno waliivamia Newala mwezi Oktoba 1916 wakafukuzwa mwezi uliofuata, na mwaka 1917 Waingereza waliosonga kutoka Lindi waliendelea kutegemea maelfu ya wapagazi. Injini ilikwisha kufika Afrika Mashariki wakati huo, lakini mvua ilipoanza kunyesha ni kichwa cha mpagazi kilichofikisha unga na risasi.

Chini ya utawala wa Uingereza barabara za udongo zilifunguliwa, nyingi kwa nguvu za watu waliopelekwa kazini na majumbe au waliofanya kazi badala ya kulipa kodi. Zilizopita juu yake zilikuwa lori za wafanyabiashara wa Kihindi waliokusanya mazao na kuleta nguo, chumvi na mafuta ya taa, lori za misheni za Masasi na Ndanda, na gari la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Gari la kutembelea, yaani la mtu kwenda tu anakotaka, halikuwa na nafasi. Aliyekuwa nalo alikuwa mtumishi wa serikali, tajiri wa duka au padri, na hata hao walipendelea lori dogo lenye tumbo la juu.

Mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 ndio uliotikisa hali hiyo, ingawa karanga zenyewe zilishindwa vibaya. Nachingwea, kaskazini ya Masasi, palikuwa mahali pamojawapo palipochaguliwa. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikawekwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, na baadaye tawi likafika Masasi. Reli haikupata mzigo wa kuitosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Kilichobaki hakikuandikwa sana vitabuni: watu waliojifunza kuendesha na kutengeneza matrekta na malori. Katika nchi ambayo fundi wa magari alikuwa adimu, ujuzi huo ulihama kutoka karakana za Nachingwea kwenda gereji za chini ya mwembe, na kutoka kwa fundi kwenda kwa vijana waliomshikia spana.

Uhuru ulikuta kusini ikiwa na bandari nzuri na barabara mbovu. Kisha mwaka 1964 vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza ng'ambo ya Ruvuma na kuendelea hadi 1974. Mpaka ukawa mstari wa ulinzi na Newala ikawa kituo cha mbele. Land Rover ilikuwa ndiyo sura ya serikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumkataza kiongozi kuwa na gari, lakini lilimfanya aliyejionyesha kwa gari kubwa aitwe mbenzi, na neno hilo halikuwa sifa. Biashara ya kuagiza magari ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na aliyetaka gari alihitaji kwanza fedha za kigeni zilizogawiwa na Benki Kuu. Peugeot 404 na 504, Datsun na Volkswagen zilizoonekana mijini zilipatikana kwa wadhifa, mkopo wa mtumishi au jina kwenye orodha ndefu. Kwa miaka kadhaa magari binafsi yalizuiwa hata kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta.

Ajabu ya kipindi hicho ni kwamba fedha ilikuwapo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, nyingi zikitoka kusini. Mkulima wa uwanda wa Makonde angeweza kuwa mnunuzi wa magari kabla ya wakulima wengi wa nchi hii. Hapakuwa na gari la kununua. Gari liliporuhusiwa, korosho ilikuwa imeanguka. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilidumaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Kufikia 1986/87 mavuno ya taifa yalikuwa chini ya tani 20,000. Bajeti ya mwaka 1984/85 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, akaufungua mlango zaidi. Magari ya mitumba yakaanza kumiminika Dar es Salaam. Masasi na Newala zilitazama kwa mbali.

Yalikotoka magari hayo kunaeleza kwa nini gari la meneja wa Japani lilishuka hadi bei anayoimudu mwalimu mkuu wa Tanzania. Japani huendesha kushoto, usukani kulia, kama Tanzania na kama Msumbiji jirani. Sheria yake ya ukaguzi inamtaka mwenye gari jipya alikaguze baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama huongezeka gari linapohitaji kubadilishiwa vitu. Wengi huona heri kuuza na kuchukua jipya. Gari kubwa la kifahari hushuka thamani haraka kuliko dogo, kwa sababu Mjapani anayenunua mtumba hutaka kinachokula mafuta kidogo. Basi mnadani Mark II ya silinda sita ilikaribia bei ya Corolla, na mnunuzi wa Afrika Mashariki, aliyezoea kudhani gari la fahari ni la wakubwa, akaona bahati imemwangukia. Mwanzoni mengi yalipitia Dubai mikononi mwa wafanyabiashara wa Kipakistani. Baadaye kampuni za Japani zenyewe, kama Be Forward iliyoanzishwa mwaka 2004, zikamuuzia mteja moja kwa moja kwa picha za mtandaoni.

Mark II ndiyo iliyotangulia. Ilizaliwa mwaka 1968 kama tawi la Corona, ikapata ndugu wawili, Chaser mwaka 1977 na Cresta mwaka 1980, waliouzwa na mitandao tofauti ya maduka ya Toyota ingawa chini walikuwa kitu kimoja. Watanzania waliyajua matoleo yake kwa namba za chasisi: GX81, GX90, GX100, GX110. Injini ya kawaida ilikuwa 1G ya lita 2, silinda sita kwa mstari, isiyo na haraka wala makuu. Mwenye kutaka mbio alitafuta 1JZ ya lita 2.5, na mwenye wazimu zaidi alitafuta yenye turbo, ambayo kiwandani iliandikwa nguvu za farasi 280 kwa kuwa watengenezaji wa Japani walikubaliana wasivuke kiwango hicho, mapatano yaliyodumu hadi 2004. Altezza ya mwaka 1998, iliyouzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS, ikawa gari la kijana. Mwaka 2004 Mark X ikarithi nafasi ya Mark II, na Crown ya toleo lililotoka mwishoni mwa 2003, hasa aina ya Athlete, ikawa gari la mtu anayetaka aonekane amefika.

Lakini kati ya Dar es Salaam na Masasi, karibu kilometa 600 kwa njia ya Lindi, palikuwa na mto Rufiji. Gari lilivushwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yalipokolea njia ilikatika kabisa. Aliyelazimika kusafiri alipanda meli au ndege hadi Mtwara. Kumiliki gari la chini Masasi katika miaka ya 1990 kulikuwa kama kufuga samaki mlimani. Waliothubutu walikuwa wafanyabiashara wachache walioligharimia wakijua kwamba nusu ya mwaka lingezunguka mjini tu.

Daraja la Rufiji, lenye urefu wa meta 970 hivi, lilifunguliwa Agosti 2003 na kupewa jina la rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi. Watu wa kusini hawakuona ajabu kwamba daraja lilimsubiri mtu wao aingie Ikulu. Hata hivyo kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kiliendelea kuwa tope kwa takriban miaka 10 zaidi, na mabasi yalilala humo. Lami ya kutoka njia panda ya Mingoyo kupitia Ndanda iliifikia Masasi, ikasukumwa kwenda Mangaka na hatimaye Tunduru. Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, meta 720, wazo lililokubaliwa tangu enzi za Nyerere na Samora Machel. Masasi, iliyokuwa mwisho wa njia, ikawa njia panda.

Newala haikupata bahati hiyo. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, jumla ya kilometa 210, ililetewa lami kwa vipande. Kilometa 50 za kwanza hadi Mnivata zilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020; mikataba ya kilometa 160 zilizobaki ilisainiwa mwaka 2023 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo kwa miaka 20 miji miwili jirani iliishi na magari mawili tofauti. Masasi iliweza kununua Mark X na kuitumia kama ilivyokusudiwa. Newala iliinunua vilevile, ikaanza kupambana nayo.

Fedha ya kununulia ilirudi kwa njia ya ushirika. Msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara: mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, mzigo unakusanywa ghalani, vyama vikuu vya MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara na TANECU kwa Tandahimba na Newala vinauza kwa mnada, na malipo yanaingia benki. Mfumo ulilalamikiwa sana kwa makato na ucheleweshaji, na malalamiko mengi yalikuwa ya haki. Ila ulibadili umbo la fedha. Mnunuzi wa mtaani, aliyepima kwa kangomba, kipimo kisicho rasmi, na kulipa kidogo kidogo, aliacha fedha zinazoliwa siku hiyohiyo. Malipo ya mnada huja kwa pamoja, na fedha zinazokuja kwa pamoja hutafuta kitu kimoja kikubwa: bati, pikipiki, kiwanja, gari. Msimu wa 2017/18 uzalishaji wa taifa ulivuka tani 300,000 na bei mnadani ikafika karibu Sh 4,000 kwa kilo. Katika msimu kama huo, mwenye ekari nyingi angeweza kuingia yadi ya Dar es Salaam mwezi Desemba na kutoka na Crown.

Msimu uliofuata ulionyesha upande wa pili. Novemba 2018 Rais John Magufuli alikataa bei za wanunuzi, akaagiza serikali inunue kwa Sh 3,300 na malori ya jeshi yasombe mzigo. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, malipo yakachelewa, na biashara zote zinazoishi kwa msimu zikapoa. Aliyechukua gari kwa ahadi ya kumalizia baada ya mnada alikuwa taabani.

Kalenda ya gari, kwa hiyo, ni kalenda ya mkorosho. Minada huanza Oktoba, na kuanzia Novemba hadi Januari gari zuri halishuki bei. Januari ada za shule hudai chao. Masika yakiisha huja palizi, kisha kuanzia Mei na Juni salfa na gharama za kupulizia. Hapo ndipo kadi za magari huanza kutembea mikononi mwa madalali. Mnunuzi mwenye fedha taslimu mwezi Julai, mara nyingi mtumishi wa serikali aliyepata mkopo wa benki, hulipata kwa bei ambayo mwenyewe asingeisikiliza mwezi Desemba. Matangazo hayabadiliki: kadi ipo, haina mchubuko, full kipupwe, maongezi yapo. Umri wa gari nchini husomwa kwenye namba. Mfumo wa namba zinazoanza na T ulioingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza na herufi A, ukaenda B, C na D, na sasa uko E. Kusema gari ni namba D ni kusema liliingia Tanzania lini, bila kusema chochote kuhusu mwaka lililotengenezwa. Wanunuzi wengi huchanganya mambo hayo mawili, na madalali hawana haraka ya kuwasahihisha.

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani hukutana na hesabu nyingine. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari dogo hulipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani pamoja na nauli na bima. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Kuna tozo ya uchakavu ya asilimia 15 kwa gari lenye zaidi ya miaka 8 na asilimia 30 likizidi 10. Na mwisho VAT ya asilimia 18 ya jumla yote. Mark X ya cc 2,499 yenye miaka zaidi ya 10, iliyofika bandarini kwa thamani ya 100, huwa 125 baada ya forodha, 175 baada ya ushuru wa bidhaa na uchakavu, na zaidi ya 206 baada ya VAT, kabla ya tozo ndogondogo na ada ya wakala. Kodi peke yake inalizidi gari. Kupunguza bei kwenye ankara hakusaidii, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato ina jedwali lake la thamani. Tozo ya uchakavu iliwekwa ili kuzuia magari ya zamani; matokeo yake mojawapo ni kwamba magari ya zamani yaliyokwisha kuingia hayafi, kwa sababu mbadala wake ni ghali. Nafuu moja ilitoka mwaka 2017: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Kulitunza gari hili juu ya uwanda ni kazi nyingine. Tumbo la Mark X au Crown liko sentimita 15 hivi juu ya ardhi, na barabara ya mchanga iliyopitwa na malori ya korosho huwa na tuta katikati ya mikondo miwili ya magurudumu. Ngao ya chini ya injini ndiyo huondoka kwanza. Dawa ya mtaani ni spesa, vipande vya chuma au mpira mgumu vinavyowekwa juu ya shokapu ili bodi inyanyuke. Hunyanyua kweli, na kuharibu. Magari haya yana mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu la mbele, tofauti na Corolla yenye mmoja. Mikono hiyo ikikaa kwa pembe isiyo yake, bushi na boljointi huliwa haraka na tairi huisha upande wa ndani. Juu ya mchanga laini nguvu ya nyuma haina faida: gurudumu lisilo na uzito huzunguka na kujichimbia. Madereva wazoefu hupunguza upepo wa tairi kabla ya kipande kibaya na hawasimami katikati.

Mpando wa Newala hupima rejeta. Gari lililojazwa maji matupu badala ya kulenti hupata kutu ndani, na likipanda mpando mzima huku kipupwe kimewashwa na abiria watano, mshale wa joto huanza kupanda pamoja nalo. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua ni hadithi ya kila gereji. Vumbi laini huziba kichujio cha hewa muda mrefu kabla ya kilometa zilizoandikwa kitabuni. Kilometa zenyewe ni za kutiliwa shaka, kwa kuwa dashibodi nyingi zimerudishwa nyuma; ndiyo maana fundi mwaminifu humshauri mnunuzi wa 1G au 1JZ abadilishe mkanda wa taimingi siku ya kwanza, bila kujali kinachosomeka. Mafuta nayo yana historia yake. Kabla EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, haijaanza kuiwekea petroli vinasaba mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011, uchakachuaji wa petroli kwa mafuta hayo ulikuwa biashara kubwa. Injini ya 1G iliuvumilia. Za Mark X na Crown, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina nozeli zisizosamehe, na kwa kuwa petroli haisafishi tena vali za kuingizia hewa, masizi hujijenga hapo hadi gari likaanza kutetemeka likisimama.

Hapo ndipo ufundi uliorithiwa ulipofikia mpaka wake. Fundi aliyeweza kusikiliza Mark II na kutaja plagi mbovu alihitaji sasa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Masasi ilipata mafundi wa namna hiyo mapema kidogo. Mwenye gari wa Newala alishuka kuwafuata. Spea husakwa Ilala na Gerezani, Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye basi la usiku na kupokewa stendi asubuhi, ikiwa njia iko salama. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Somanga, spea, mafuta na abiria vyote vilikwama upande wa pili, kama enzi za kivuko.

Gari lililochoka halikuachwa lioze. Mark II na ndugu zake zilimaliza siku kama mchomoko, teksi za kushindana na basi kati ya Masasi, Ndanda na vijiji vya pembeni, abiria wanne nyuma na wawili kiti cha mbele, hadi askari wa trafiki alipozidi kuwa mkali au sakafu kutoboka. Crown zilipata kazi ya harusi na sherehe za unyago, zikipambwa riboni na kukodishwa kwa siku. Zilizokufa kabisa zilikatwa spea: injini kwa huyu, gia boksi kwa yule, milango kwa aliyegonga.

Katika miaka ya karibuni mnunuzi wa msimu ameanza kuangalia kwingine. Harrier ya toleo la pili, ambayo mitaani huitwa tako la nyani, pamoja na Vanguard na X-Trail, zina tumbo la juu na heshima isiyopungua ya Crown, na kwa Newala hesabu hiyo haihitaji mjadala. Msimu wa 2024/25 mavuno ya taifa yalivuka tani 500,000 huku minada ikifunguliwa kwa bei zaidi ya Sh 4,000, kwa hiyo fedha za kuyanunua zipo. Mark X na Crown zimebaki na nguvu Masasi, ambako lami inakwenda Lindi, Mtwara, Tunduru na mpaka wa Msumbiji. Kadiri wakandarasi wanavyosogeza lami kutoka Mnivata kwenda Tandahimba na Newala, madalali wa mji wa juu wameanza kuzitangaza tena, safari hii bila spesa.